Kukawia kwa Kamera Mbele ya Chombo cha Angani: Historia ya Mfuatano Mrefu wa Athari Maalumu katika Filamu za Bunilizi ya Kisayansi, 1929–1982

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ukawiaji wa kamera mbele ya chombo cha angani katika filamu za bunilizi ya kisayansi za Ulaya na Marekani. Uhakiki wa filamu umezoea kuuchukulia ukawiaji huo kuwa kasoro ya uhariri au majivuno ya mafundi wa athari maalumu. Makala yanadai kuwa maelezo hayo hayatoshi. Kwa kuchambua filamu zilizotolewa kati ya mwaka 1929 na 1982, yanaonesha kwamba urefu wa mifuatano hiyo ulitokana na mambo matatu yaliyofungamana: namna modeli zilivyopigwa picha, namna filamu zilivyooneshwa kwa hadhira, na nafasi ya mtazamaji aliyewekwa ndani ya hadithi yenyewe. Hitimisho ni kwamba kinachotofautisha mfuatano uliofaulu na ule uliochosha si idadi ya dakika, bali ni uwepo wa shahidi ambaye kutazama kwake kuna maana katika hadithi.

1.0 Utangulizi

Katika filamu nyingi za bunilizi ya kisayansi kuna wakati hadithi husimama. Mazungumzo hukoma, muziki hupanda, na kamera hupita polepole kando ya chombo cha angani kana kwamba haina safari nyingine. Hakuna adui anayeshambulia wala siri inayofichuliwa. Mtazamaji hupewa umbo, mwanga na muda. Katika makala haya, hali hiyo inaitwa ukawiaji: yaani kuendelea kuonesha kitu baada ya taarifa inayohitajika na hadithi kukamilika.

Mjadala kuhusu ukawiaji umegawanyika katika mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ni ule wa wahakiki wa magazeti, ambao tangu mwaka 1968 wamelalamika kwamba mifuatano ya aina hii inaua mwendo wa masimulizi. Mkondo wa pili ni wa kitaaluma. Tom Gunning, katika kazi yake ya mwaka 1986 kuhusu sinema ya vivutio, alionesha kuwa filamu za miaka ya mwanzo zililenga kuonesha zaidi kuliko kusimulia, na kwamba hamu hiyo haikufa bali iliingia ndani ya filamu za hadithi. Scott Bukatman naye ameihusisha kazi ya mtaalamu wa athari maalumu Douglas Trumbull na utukufu wa kutisha uliotafutwa na wachoraji wa mandhari wa karne ya 19. Mikondo yote miwili ina mchango wake. Hata hivyo, wa kwanza hauelezi kwa nini baadhi ya mifuatano mirefu imependwa kwa zaidi ya nusu karne, na wa pili hauelezi kwa nini mingine, iliyotengenezwa na mikono ileile, imeonekana kuwa mzigo.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: ni hali zipi za kihistoria zilizoufanya ukawiaji uwezekane, uhitajike, na hatimaye udhihakiwe? Jibu linatafutwa kwa kufuatilia jambo moja ambalo halijapewa uzito wa kutosha, nalo ni nani, ndani ya filamu, anayekitazama chombo.

2.0 Umati na Roketi: Misingi ya Kabla ya 1968

Filamu ya *Frau im Mond* ya Fritz Lang, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Oktoba 1929, ndiyo mahali panapofaa kuanzia. Lang alimtumia Hermann Oberth, mmoja wa waasisi wa nadharia ya roketi, kama mshauri wa kisayansi. Roketi katika filamu hiyo hairuki mara tu inapotajwa. Hutolewa kwanza kutoka katika banda lake ikiwa imesimama wima, huburutwa taratibu juu ya reli, humulikwa na taa kubwa za usiku, na hutazamwa na umati uliokusanyika kama unaongoja kushuhudia sherehe ya kitaifa. Kisha huja hesabu ya kurudi nyuma hadi sifuri, mbinu ya kujenga taharuki ambayo baadaye ilizoeleka katika urushaji wa roketi halisi.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, ukawiaji una sababu ndani ya hadithi: kitu kizito husogea polepole. Pili, kuna shahidi. Umati uliomo ndani ya picha humfundisha mtazamaji aliyeko ukumbini namna ya kutazama. Mtu mmoja mmoja katika umati ni mdogo, na udogo huo ndio kipimo cha ukubwa wa chombo.

Filamu ya *Destination Moon* ya mwaka 1950, iliyotayarishwa na George Pal, iliendeleza nusu tu ya urithi huo. Ilitafuta usahihi wa kisayansi, ikatumia michoro ya mwezi iliyobuniwa na Chesley Bonestell, na ikapata tuzo ya Oscar ya athari maalumu. Lakini lengo lake kubwa lilikuwa kufundisha. Chombo huelezwa zaidi kuliko kutazamwa, hata ikatumika katuni kuwafafanulia wahusika na hadhira kanuni za roketi. Maelezo yakikamilika, kamera huondoka.

3.0 Abiria Aliyelala: Filamu ya 1968

Mabadiliko makubwa yalikuja na *2001: A Space Odyssey* ya Stanley Kubrick, iliyoandikwa kwa ushirikiano na Arthur C. Clarke na kutolewa mwezi Aprili 1968. Ili kuuelewa ukawiaji wa filamu hii, yafaa kuanza na karakana kabla ya kufika kwenye falsafa.

Modeli ndogo ikipigwa picha kwa njia ya kawaida hujisaliti. Lenzi iliyo karibu na kitu hunasa sehemu moja tu kwa ukali, na sehemu nyingine hufifia. Jicho hutambua mara moja kwamba kitu ni kidogo. Ili modeli yote ionekane wazi kutoka mbele hadi nyuma, tundu la lenzi lilipaswa kubanwa sana, na tundu likibanwa, mwanga hupungua. Ndiyo maana kila fremu ilihitaji kuachwa wazi kwa sekunde kadhaa, huku kamera ikisogea kwa kiasi kidogo mno juu ya reli inayoendeshwa na mtambo. Shoti moja iliweza kuchukua saa nyingi. Aidha, kamera ilipaswa kurudia njia ileile bila kukosea, kwa kuwa mwili wa chombo ulipigwa picha katika mpito mmoja, na watu wanaoonekana madirishani wakaongezwa katika mpito mwingine. Modeli kubwa ya chombo Discovery ilikuwa na urefu wa takriban mita 16, na hata hivyo ilihitaji uangalifu huo wote.

Kwa hiyo, wepesi wa mwendo ungeharibu kila kitu. Kitu kikubwa kinachotazamwa kutoka mbali huonekana kusogea polepole. Kikikimbizwa, ukubwa huyeyuka. Ukawiaji ulikuwa sharti la kusadikika kabla haujawa mtindo wa usanii.

Sababu ya pili ilikuwa namna ya uoneshaji. Filamu ilipigwa kwa mkanda mpana na kuoneshwa, katika majumba teule, kwenye skrini zilizopinda za Cinerama kutoka nakala za milimita 70. Kulikuwa na muziki wa utangulizi na mapumziko katikati. Hadhira ya maonesho ya aina hiyo ilikuwa imelipia tukio lenye adabu zake, karibu na zile za opera. Katika skrini kubwa namna hiyo jicho haliwezi kuikamata picha yote kwa mara moja. Linahitaji muda wa kutembea juu yake. Shoti ambayo katika televisheni ya nyumbani huonekana kurefushwa bila sababu, katika ukumbi ule ilikuwa na kazi ya kutosha kwa macho.

Mfuatano unaojulikana zaidi ni ule wa chombo cha abiria chenye nembo ya Pan Am kinapokikaribia kituo cha angani kinachozunguka, huku ukisikika wimbo wa dansi wa Johann Strauss kuhusu mto Danube. Kubrick alikuwa amemwagiza Alex North kutunga muziki wa filamu, kisha akaacha kuutumia na kubaki na kazi zilizokuwepo tayari. Uamuzi huo ulibadilisha maana ya mwendo. Mzunguko wa kituo na mzunguko wa dansi vilikuwa kitu kimoja, na hatua ya kutia nanga ikasomeka kama wachezaji wawili wanaokaribiana.

Lakini ni nani anayetazama? Abiria pekee, Dkt. Heywood Floyd, amelala. Kalamu yake inaelea hewani bila yeye kujua. Marubani wanatazama skrini za vipimo. Utukufu wote ulioko nje ya dirisha hauna shahidi ndani ya hadithi isipokuwa hadhira. Usingizi huo ni hoja ya kihistoria: filamu inaonesha wakati ujao ambamo safari ya angani imekuwa jambo la kawaida kiasi cha kumchosha abiria, huku ikimlazimisha mtazamaji wa 1968 aone kile ambacho abiria hakioni tena. Ikumbukwe kwamba wanaanga wa Apollo 8 waliizunguka mwezi miezi minane tu baadaye, mwezi Desemba mwaka huohuo. Hadhira ya Aprili ilikuwa bado na njaa. Abiria alikuwa ameshiba. Pengo kati ya njaa na shibe ndilo lililoupa ukawiaji maana.

Mapokezi ya awali hayakuwa ya shangwe. Baadhi ya watazamaji wa maonesho ya kwanza waliondoka kabla ya mwisho, na Kubrick mwenyewe akapunguza takriban dakika 19 baada ya uzinduzi. La kuzingatia ni kwamba dansi ya angani haikuondolewa. Mwongozaji aliyekuwa tayari kukata hakuona kuwa hapo ndipo palipozidi.

Mwaka 1972 Andrei Tarkovsky alitoa jibu la aina yake katika *Solaris*. Safari ya mhusika mkuu kwenda kituo cha angani inapita haraka, ikioneshwa zaidi kwa uso wake. Badala yake, kamera inakawia kwa dakika kadhaa ndani ya gari linalopita katika barabara na mahandaki ya Tokyo. Tarkovsky alikopa ukawiaji wa bunilizi ya kisayansi na kuuweka juu ya ardhi, katika jiji lililokuwepo. Kwa kufanya hivyo alionesha kwamba mbinu hii haikutegemea athari maalumu peke yake; ilitegemea uamuzi wa kumwacha mtu atazame.

4.0 Mwaka 1977: Kasi na Nyuso

Kampuni ya Industrial Light & Magic iliundwa mwaka 1975 kwa ajili ya *Star Wars* ya George Lucas, na John Dykstra akasimamia kazi ya athari maalumu. Mtambo wa kamera uliopewa jina la Dykstraflex uliendeshwa kwa umeme kwa kufuata hatua zilizorekodiwa, hivyo kamera iliweza kupinda, kuruka na kurudia njia yake kwa usahihi mkubwa. Lucas alitumia vipande vya filamu za mapigano ya ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia kama kielelezo cha uhariri. Kwa mara ya kwanza modeli ziliweza kuonekana zinakimbia bila kupoteza ukubwa wake, na shoti nyingi zilidumu kwa sekunde chache tu.

Hata hivyo filamu hiyo ya kasi inaanza kwa ukawiaji. Chombo kidogo kinapita juu ya sayari kikikimbia, kisha chombo cha adui kinaingia kutoka juu ya skrini na kuendelea kuingia, hadi mtazamaji anaanza kujiuliza kitaisha lini. Jambo la kushangaza ni kwamba modeli ya chombo kikubwa ilikuwa na urefu wa takriban sentimita 91, wakati ile ya chombo kidogo ilikaribia mita 2. Ukubwa unaoonekana katika skrini haukuwa mali ya modeli. Ulitengenezwa kwa muda na kwa mwelekeo: chombo kinapita juu ya kichwa cha mtazamaji, naye anawekwa katika nafasi ya mtu anayekandamizwa. Shahidi hapa si mhusika; ni hadhira yenyewe, na inatazama kwa hofu. Baada ya shoti hiyo moja deni limelipwa, na filamu inaweza kukimbia.

Miezi sita baadaye, *Close Encounters of the Third Kind* ya Steven Spielberg ilichukua njia tofauti. Trumbull, aliyeongoza kazi ya athari maalumu, alizipiga picha modeli ndani ya chumba kilichojazwa moshi mwepesi ili taa zake zitawanyike kama zinavyofanya katika hewa halisi. Chombo kikuu kinapotokea juu ya mlima wa Devils Tower, filamu inapishanisha chombo na nyuso: wanasayansi, mafundi, watu wa kawaida, wote wakiwa wameinua vichwa. Umati wa Lang ulikuwa umerudi, lakini sasa uso wa mtu mmoja ulikuwa na uzito sawa na chombo. Kila mara kamera inapokirudia chombo, mtazamaji anakiona kupitia hisia mpya ya mtu mwingine. Ukawiaji uligawanywa kati ya kinachotazamwa na anayetazama.

5.0 Mwaka 1979: Chelezo na Wingu

Kesi inayopima hoja ya makala haya ni *Star Trek: The Motion Picture*, iliyoongozwa na Robert Wise na kutolewa tarehe 7 Desemba 1979. Filamu hii ina mifuatano miwili mirefu iliyotengenezwa chini ya masharti yaleyale, lakini iliyopata hukumu tofauti katika kumbukumbu ya watazamaji.

Masharti yenyewe yalikuwa magumu. Kampuni ya Robert Abel, iliyokabidhiwa athari maalumu mwanzoni, iliondolewa mwezi Februari 1979. Trumbull aliitwa, na sehemu ya kazi ikapelekwa kwa Dykstra. Tarehe ya kutolewa haikuweza kusogezwa kwa sababu kampuni ya Paramount ilikuwa imeahidi filamu hiyo kwa majumba ya sinema. Gharama zilifikia takriban dola milioni 44, zikijumuisha matumizi ya mradi wa televisheni uliotangulia. Hakukuwa na nafasi ya kuijaribu filamu mbele ya hadhira, na shoti zilizochelewa kukamilika ziliingizwa karibu kama zilivyofika. Wahakiki waliilaumu kwa uzito wa mwendo, na mzaha ukaenea kwamba ni filamu isiyosogea.

Mfuatano wa kwanza unaonesha Admirali Kirk akipelekwa na mhandisi Scott katika kidau kidogo cha angani kuiona meli ya Enterprise ikiwa ndani ya chelezo, baada ya matengenezo makubwa. Unadumu takriban dakika 5, karibu bila maneno. Hadithi imetoa sababu ya polepole yake: mtambo wa kusafirisha watu papo kwa papo umeharibika. Modeli ya meli, yenye urefu wa takriban mita 2.4, ilipakwa rangi zenye mng'ao wa lulu zilizobadilika kadiri pembe ya mwanga ilivyobadilika. Ulikuwa uso uliotengenezwa kwa ajili ya kutazamwa taratibu. Trumbull aliiwekea meli taa za kujimulika yenyewe, kwa kuwa katika anga la mbali hakuna taa nyingine ya kuimulika. Muziki nao haukuachwa kwa bahati. Jerry Goldsmith alitunga toleo la kwanza la sehemu hiyo, Wise hakuridhika kwa kukosa kiini cha wimbo kinachokumbukika, na Goldsmith akaandika upya. Ushahidi huu unapinga dai kwamba urefu wa mfuatano ulitokana na haraka pekee. Ulifikiriwa.

Muhimu zaidi ni shahidi. Kirk ni afisa aliyepandishwa cheo hadi mezani, aliyetengwa na meli yake, na anayekaribia kuitwaa kutoka kwa nahodha mwingine. Kila shoti ya meli inafuatwa na uso wake. Anachokiona si mashine. Ni maisha aliyoyapoteza. Nyuma yake kuna hadhira iliyongoja tangu mwaka 1969, mfululizo wa televisheni ulipokoma, na iliyoizoea meli hiyo kupitia shoti chache zilizorudiwarudiwa kwenye skrini ndogo. Nyuma ya hadhira hiyo kuna hali ya taifa zima: mwezi Septemba 1976 chombo cha majaribio cha NASA kilichoitwa Enterprise, kwa shinikizo la barua za mashabiki, kilitolewa bandani huko Palmdale mbele ya waigizaji wa mfululizo huo, lakini tangu Julai 1975 hakuna Mmarekani aliyekuwa ameruka angani, na hakuna aliyeruka hadi Aprili 1981. Filamu ya 1979 ilitolewa katikati ya pengo hilo. Kuikawia meli iliyomo ndani ya chelezo, iliyo tayari lakini bado haijaondoka, kulilingana na hali ya wakati wake.

Mfuatano wa pili ni kuingia kwa Enterprise ndani ya wingu na chombo cha V'Ger. Kazi ya mwanga na umbo si duni. Pengine ni ya kijasiri zaidi kuliko ile ya chelezo. Wahusika wapo pia, wakitazama skrini ya daraja la meli. Tofauti ni kwamba kutazama kwao hakubadiliki. Nyuso zinaonesha mshangao uleule mwanzoni, katikati na mwishoni, na hakuna mmoja kati yao mwenye uhusiano wa nafsi na kinachoonekana. Mtazamaji aliyekwisha kuelewa kwamba kitu ni kikubwa na hakijulikani haongezewi jambo. Toleo la mwongozaji la mwaka 2001 liliirekebisha filamu katika mengi, lakini safari ya Kirk kwenye chelezo iliendelea kuwa nguzo yake.

6.0 Urithi na Dhihaka

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kiuchumi. *Star Trek II: The Wrath of Khan* ya mwaka 1982 ilitengenezwa kwa bajeti ndogo sana ikilinganishwa na ile ya kwanza, ikatumia tena shoti za Enterprise ikitoka katika chelezo. Picha zilezile, zikiwa zimefupishwa, hazikulalamikiwa. Kilichokuwa mzigo wa gharama mwaka 1979 kiligeuka akiba ya mtaji mwaka 1982, na ukawiaji ukapunguzwa hadi kuwa ukumbusho.

Mwaka 1987 Mel Brooks alifungua *Spaceballs* kwa chombo kinachopita mbele ya kamera kwa muda mrefu kupita kiasi, hadi urefu wenyewe ukawa kichekesho. Dhihaka ya namna hiyo haiwezekani mpaka desturi iwe imekomaa na kujulikana na watu wote. Brooks aliondoa shahidi, akaondoa hofu, akaondoa hamu, akabakiza muda mtupu. Kicheko cha hadhira kinathibitisha, kwa njia ya kinyume, kwamba muda peke yake haujawahi kutosha.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba ukawiaji wa kamera mbele ya chombo cha angani haukuzuka kutokana na uzembe wa wahariri. Ulianza kama sharti la kimaumbile la kupiga picha modeli, ukastawishwa na kumbi za skrini pana, na ukapata maana kutokana na mtu aliyewekwa ndani ya hadithi ili atazame, au, kama kwa Kubrick, ili akose kutazama. Umati wa 1929, abiria aliyelala wa 1968, hadhira iliyokandamizwa na nyuso zilizoinuliwa za 1977, na admirali wa 1979 ni hatua za historia moja.

Matokeo haya yana athari kwa utafiti. Hukumu kwamba mfuatano fulani ni mrefu mno haipaswi kutolewa kwa kuhesabu dakika, wala kwa kuutazama katika skrini ndogo ambayo haukutengenezewa. Inapaswa kuuliza kwanza ni kwa macho ya nani chombo kinaonekana, na macho hayo yanabadilikaje kadiri muda unavyopita. Teknolojia ya kompyuta imeondoa sharti la kimaumbile: shoti ya ufunguzi ya *Gravity* ya mwaka 2013 inakaribia dakika 13 bila mkato unaoonekana, na hakuna modeli inayomlazimu fundi kwenda polepole. Sharti la shahidi, hata hivyo, limebaki palepale.